Pumzi Zilizofutwa

Nililala hewani, katikati ya habari ya bomba la maji. Mchana kweupe, taa nyekundu inawaka juu ya mlango wa studio, kikombe changu cha chai bado kinafuka moshi. Nilikuwa nimefika kwenye sentensi ya wakazi wa upande wa juu kukosa maji mpaka kesho kutwa, na baada ya hapo sikumbuki kitu. Si kule kusinzia kwa kutikisa kichwa, mtu akashtuka na kujifanya alikuwa anafikiri. Nilizimika. Kilichoniamsha ni paji langu la uso kugonga kipaza sauti, na mlio wake, naambiwa, uliwafanya vinyozi mtaani wasimamishe mashine zao.

Nilipofungua macho, muziki ulikuwa umeshawekwa. Upande wa pili wa kioo alikaa mume wangu. Ndiye fundi mitambo wa kituo, na kazini wote wanamwita Sikio, kwa sababu anaweza kusikia nzi akitua kwenye pazia la studio. Ana mikono miepesi. Msikilizaji aliyekuwa amegeuka kumkemea mtoto wake angeamini tulipanga hivyo tangu asubuhi.

Mkuu wa vipindi, ambaye sisi tunamwita Bosi tu, aliniita kabla uvimbe kwenye paji haujatulia. Ofisini kwake kuna kochi la ngozi ambalo mgeni akikaa linatoa mlio wa aibu, naye kila mara hucheka kana kwamba ni mara ya kwanza. Siku hiyo hakucheka.

"Dada yangu, mimi sina neno na wewe," alisema. "Sauti yako ndiyo inayotulisha hapa. Lakini mtangazaji kulala hewani? Watu wanatumiana vichekesho huko."

"Acha watumiane."

"Ijumaa tunapanga ratiba mpya. Daktari akisema uko sawa, kiti ni chako, na nitamnyamazisha yeyote. Asiposema, kuna kazi nzuri tu maktaba ya kanda. Kuna utulivu, kuna baridi, hakuna presha."

Maktaba ya kanda ni chumba kisicho na dirisha, ambako sauti za watangazaji waliokufa zimepangwa kwenye rafu. Nilimwambia nitamletea daktari. Nikatoka na fimbo yangu, nikibamiza mlango kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, ambazo hazikuwa nyingi.

Nina ugonjwa unaoitwa multiple sclerosis. Kliniki na nyumbani tunasema MS, imetosha. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi, imeugeukia ubongo na uti wa mgongo na inatafuna utando unaofunika mishipa ya fahamu, kama panya anavyotafuna ganda la waya. Waya ukishavuliwa ganda, ujumbe unafika umechoka au haufiki kabisa. Mpaka sasa MS imechukua mguu wangu wa kushoto, imepaka ukungu jicho moja, na imevinyang'anya vidole vyangu kazi ya kufunga vifungo. Sauti haijaigusa. Nikisoma taarifa ya habari, au nikisoma simulizi ya Jumapili, ile tunayoirekodi kabla, hakuna anayeniita maskini. Watu wananijua kwa sauti, wanaipenda, wanabishana nayo jikoni kwao. Ndiyo maana kile kiti si cha kumpa mtu.

Na kama kuna kitu kinachonipandisha hasira kuliko ugonjwa wenyewe, ni namna ulivyogeuka kuwa jibu la kila swali. Nikiumwa kichwa ni MS. Nikiumwa jino ni MS. Siku nitakayogongwa na gari watasema MS ilikuwa inaendesha. Tangu mwaka jana naamka asubuhi kichwa kinauma, mdomo umekauka kama nimelamba chaki, nimechoka kuliko nilivyolala. Nikilala chali nasikia kama kuna mtu mzima amenikalia kifuani na hana haraka ya kuondoka. Nilimwambia daktari. Akasema uchovu ni dada wa MS, nijipe muda. Nikamwambia tena. Akaniandikia vidonge vya usingizi. Nikavimeza, na asubuhi zikawa mbaya zaidi.

Jioni ile nyumbani habari zangu zilikuwa zimenitangulia. Wifi yangu, dada yake Sikio, anakaa nasi na analala chumba cha pili, ukuta mmoja na chetu. Mimi na yeye ni watani tangu siku nilipoolewa. Alikuwa anakunja nguo sebuleni, na aliponiona akaziacha.

"Wifi! Leo umelionjesha taifa zima!" alisema huku akijishika mbavu. "Afadhali. Maana sisi wa chumba cha pili kila siku tunasikia peke yetu. Trekta linawaka, linanguruma, linazimika kimyaa, mtu unajiuliza, je, limekufa? Mara, krrrh! Limewaka tena."

"Trekta ni kaka yako."

"Kaka yangu namjua, nimelala naye chumba kimoja utoto mzima. Huyu ni wewe, mama."

Tulicheka. Sikio pia alicheka, kwa raha zake, kwa sababu yeye hajawahi kulisikia hilo trekta. Kila akipanda kitandani anaziba masikio kwa vipande vya sponji. Anasema masikio ndiyo jembe lake, lazima yapumzike. Na mimi wifi yangu akisema jambo, huwa natafuta la kumrudishia, sitafuti kama ni kweli. Ndivyo utani ulivyo kwetu, na sijawahi kumwona mtu aliyekwenda hospitali kwa ajili ya utani.

Kesho yake tukaenda kliniki. Viti vya pale vimefungwa kwa nati sakafuni, sijui wanaogopa nani atakimbia navyo, sisi tunaotembea kwa fimbo. Tulikaa mpaka mgongo ukaniganda. Daktari wa mishipa ya fahamu ni mtu mzuri, na hilo nalo linaudhi, maana mtu mzuri ni vigumu kumpigia kelele. Alisimama tulipoingia.

"Msomaji wetu!" alisema. "Nyumbani kwangu Jumapili hakuna anayeruhusiwa kukohoa ukiwa hewani."

Nilimweleza yote tangu mwanzo. Kulala hewani, kichwa cha asubuhi, mtu mzima kifuani. Alinisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma, na huruma yake nilikuwa naiona inaelekea wapi. Akamgeukia Sikio.

"Usiku mama anakoroma? Pumzi inakatika?"

"Hapana, daktari," Sikio alijibu. "Analala vizuri tu."

Nilimkodolea macho. Mtu anayeziba masikio kila usiku amekaa kwenye kiti cha hospitali anatoa ushahidi wa alichosikia. Nilitaka kusema, lakini daktari alikuwa ameshaendelea.

"Unaona? Kwa kawaida ningekuwa na wasiwasi na upumuaji. MS inaweza kudhoofisha misuli ya kifua, inaweza kuharibu usingizi pia. Lakini wewe?" Akatabasamu. "Jumapili iliyopita, ile sentensi ndefu ya mjane anapanda ngazi na ndoo. Uliisoma yote, mwanzo mpaka mwisho, hujavuta pumzi hata mara moja. Mke wangu akasema huyu mama ana mapafu ya mwogeleaji. Mtu mwenye shida ya kupumua hawezi kusoma vile. Haiwezekani."

Ile sentensi niliikumbuka. Niliikumbuka vizuri sana, kwa sababu niliichukia. Nilisimama baada ya "ngazi", nikashika meza. Nikasimama baada ya "ndoo". Nikarudia. Nikaegemeza kichwa ukutani, kwenye ile sponji ya kunyonya mwangwi, nikasubiri kifua kirudi, halafu nikaimalizia kwa vipande kama mtu anayemeza kidonge kikubwa.

Nikamgeukia mume wangu taratibu. Alikuwa anaangalia picha ya uti wa mgongo iliyobandikwa ukutani, kila mfupa umeandikwa jina lake, naye anausoma mmoja mmoja kana kwamba kesho ana mtihani.

"Basi tuongeze kidogo dozi ya vidonge vya usingizi," daktari alisema, "na nitazungumza na mkuu wako akupumzishe na matangazo kwa muda. Kazi ile inakuchosha."

Nilisema asante. Nilijifunza adabu utotoni, na adabu ile imenigharimu maisha yangu yote. Nikasimama, nikatoka, nikatembea mpaka mwisho wa korido, karibu na chumba cha maabara, ambako watu walikuwa wamekaa wameshika vichupa vyao wakijifanya hawavishiki.

"Ile sentensi," nilimwambia Sikio. "Umeifanya nini?"

"Ipi?"

"Usinipige chenga. Ya mjane."

Alishusha pumzi. Zake zipo nyingi, anaweza kuzichezea.

"Nimesafisha kidogo," alisema. "Kila mtu anasafishwa, mke wangu, unajua. Bosi mwenyewe nikimwacha alivyo, watu watadhani anatafuna mpira. Ni kazi yangu."

"Kidogo kiasi gani?"

Akaniambia. Si kwa mkupuo, nilimvuta neno kwa neno. Mwanzoni aliondoa tu vile vishindo vya hewa kati ya sentensi. Kwenye kompyuta sauti yangu inaonekana kama safu ya vilima, na pumzi ni kichuguu kidogo katikati. Anakikata kichuguu, anasogeza vilima vikaribiane. Kisha vichuguu vikawa vingi, vikaanza kuingia katikati ya sentensi, halafu katikati ya maneno. Pale nilipokaa kimya muda mrefu hakuweza kuunganisha tu, ingesikika, kwa hiyo alirekodi kimya cha studio ikiwa tupu, akawa nacho kwenye faili, anakitia kama kiraka panapohitajika. Neno likitoka limechoka, alichukua lile lile kutoka Jumapili ya zamani, nilipokuwa bado na nguvu, akalipachika. Alikuwa ananishona. Kwa mwaka mzima alikuwa anakaa pale na visikilizio vyake kichwani, anamtengeneza mwanamke mzima kutokana na vipande vya mgonjwa, na kila Jumapili anampeleka hewani kwa jina langu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua hupendi kuonewa huruma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Bosi angesikia, angekutoa!" alisema, na sauti ikampanda. "Ungeenda maktaba ya kanda, ukafie kule. Nilikuwa nakilinda kiti chako. Unadhani nilifurahi? Kila wiki nilikuwa natumia siku nzima kwa kipindi cha nusu saa."

Niligonga fimbo sakafuni. Wale wenye vichupa wakageuka.

"Siku nzima," nilisema. "Siku nzima umekaa unasikiliza mke wako anakosa hewa. Unakuza, unapunguza, unarudia. Hakuna mtu duniani aliyesikia ugonjwa huu kwa karibu kama wewe. Halafu unaufuta! Unamwambia daktari nalala vizuri! Hata mimi umenidanganya. Nikijisikiliza Jumapili nasema, aa, kumbe si mbaya hivyo, labda ni woga wangu. Umenifanya mzima kwa kila mtu, mimi ndiye nimebaki kubeba ugonjwa peke yangu na kujiona mwongo."

Nilihitaji kusimama mara nyingi kuyasema hayo. Kila niliposimama alifungua mdomo anisaidie neno linalofuata, na kila mara nilimwinulia fimbo.

"Nionyeshe," nikasema mwishowe. "Kama kuna ambacho hujakisafisha, nionyeshe."

Rekodi mbichi za vipindi vya nyuma alikuwa amezifuta zote, ili zisije zikaonekana. Kilibaki kimoja tu, cha Jumapili inayokuja, ambacho hakuwa amekigusa. Tukaenda kituoni kwa mlango wa nyuma, tukaingia chumba chake cha kuhariri, chembamba, kina harufu ya nyaya zilizopata moto. Akanipa visikilizio vyake. Vilikuwa bado na umbo la kichwa chake.

Sitaki kuelezea sana nilichosikia. Kulikuwa na mwanamke, na kulikuwa na hewa, na hewa ilikuwa inamshinda. Maneno matatu, kisha mvuto, kisha maneno mawili. Halafu kimya kirefu, halafu mtu anapiga mwayo, mwayo mwingine, halafu krrrh. Nilikuwa nimelala pale pale mbele ya kipaza sauti, kwenye kurekodi, na sikujua. Kisha yule mwanamke akaendelea kusoma kwa furaha kabisa kuhusu soko na mvua, kana kwamba hakuwa amelala. Lile lilikuwa trekta la wifi yangu, na mtu mmoja tu ndani ya nyumba ndiye alikuwa amesema ukweli, tukamcheka.

Nilivua visikilizio. Sikio alikuwa analia kimya kimya, na ilinikera, kwa sababu mwenye haki ya kulia alikuwa mimi na sikuwa na pumzi ya kulia.

"Naihamishia kwenye simu," alisema, akifuta uso. "Tunampelekea sasa hivi. Akisikia hii..."

"Hapana."

"Mke wangu, ni ushahidi."

"Mwaka mzima umenipeleka kwake kwenye mkanda. Leo naenda mwenyewe."

Tulirudi kliniki foleni ikiwa imekaribia kuisha. Nesi wa mlangoni alinyoosha mkono. "Mama, wewe umeshaonwa leo."

"Nimeshasikilizwa redioni," nilimwambia. "Kuonwa bado."

Nikaingia. Daktari alikuwa anaosha mikono kwenye sinki la kona, akageuka maji yakimdondoka. Sikumpa nafasi ya kutabasamu. Mezani kwake palikuwa na karatasi ya maelezo inayotoka kwenye paketi za dawa, imekunjwa mara nyingi. Niliichukua, nikaikunjua, nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa na kuanza kumsomea. Nilisoma kama ninavyosoma kazini, kwa sauti yangu kamili, bila kujikaza wala kuficha. "Usitumie dawa hii... ikiwa una... historia ya..." Nikavuta. "...matatizo ya..." Nikavuta tena. Niliona uso wake unabadilika, si kwa haraka, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoacha funguo.

"Ngoja," alisema. "Jumapili..."

"Jumapili alisoma huyu," nikamwonyesha Sikio kwa fimbo. "Kwa mkasi."

Nikasimama nikaenda kwenye kitanda chake cha kupimia, kile chembamba chenye karatasi inayolia ukikaa. Nikalala chali. Chali kabisa, bila mto, namna ambayo nilikuwa nimeacha kulala kwa woga tangu mwaka jana. Yule mtu mzima akaja mara moja, akakaa mahali pake kifuani. Nikaendelea kusoma. Maneno yalikuwa yanatoka mawili, halafu moja. Nilimsikia daktari akisema inuka, mama, inatosha, nimeelewa. Sikuinuka. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nimechoka, na kitanda kilikuwa kimelala sawa, na karatasi ikanitoka mkononi.

Yaliyofuata sikuyaona. Nilipofungua macho nilikuwa nimeinuliwa nimekaa, mto nyuma yangu, kibanio cha kupima oksijeni kimenibana kidole. Daktari alikuwa ameshika mkono wangu na macho yake yako kwenye zile namba. Nesi alikuwa mlangoni, hana tena habari na foleni. Sikio alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani chini ya picha ya uti wa mgongo, mikono kichwani.

"Umelala muda mfupi tu," daktari alisema. Ile sauti yake ya kunisifia Jumapili ilikuwa imemwisha. "Umeacha kupumua. Zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho nilikuwa nimeshaanza kukuinua. Oksijeni yako ilishuka vibaya."

Akanieleza, na safari hii alieleza kama mtu anayeeleza. Huenda yalikuwa mambo mawili pamoja. Koo langu linalegea nikilala na kuziba njia, ubongo unashtuka, unaniamsha nusu, nalala tena, linaziba tena, usiku kucha bila mimi kujua. Na chini ya mapafu kuna msuli mpana, kiwambo, ndio unaovuta hewa, na MS ilikuwa imeanza kuuchosha, ndiyo maana nikilala chali nazama. Kichwa cha asubuhi ni hewa chafu niliyoshindwa kuitoa. Na vile vidonge vya usingizi, alisema akiangalia chini, vinalegeza zaidi.

"Usivimeze tena," alisema. "Hata kimoja. Leo hii nakuandikia ukalale kwenye chumba cha vipimo, wakupime usingizi na nguvu ya kifua. Kuna mashine inayosukuma hewa kwa barakoa unapolala. Watu wanarudi kazini nayo. MS haitaondoka, lakini hii sehemu inatibika."

Inatibika. Mwaka mzima ilikuwa inatibika.

Kisha akasema lile neno. Alilisema kwa upole, akipigapiga mgongo wa mkono wangu.

"Lakini mama, kwa nini hamkusema mapema?"

Nimewahi kukasirika maishani. Siku ile nilijua kwamba zile hasira za nyuma zote zilikuwa mazoezi. Nilitoa mkono wangu kwenye mkono wake. Nilivuta hewa, ikaja kidogo, nikaisubiri ije nyingine.

"Nilisema," nikamwambia.

Akafungua mdomo. Nikainua kidole, kile chenye kibanio, taa yake nyekundu ikimmulika.

"Nilisema... mara ya kwanza... ukaniambia... nijipe muda." Nikavuta. Chumba kizima kilikaa kimya nikivuta, na nilikivuta kile kimya pamoja na hewa, sikukiharakisha. "Nikasema tena... ukanipa vidonge. Leo asubuhi... nimesema... ukaniambia... haiwezekani. Ukaamini redio... mimi nikiwa... mbele yako."

Niliona Sikio kule chini anataka kunimalizia. Midomo yake ilikuwa inacheza, ana maneno yote tayari, kwa mpangilio mzuri. Nikamwangalia, akaifunga.

"Kweli," daktari alisema. "Ulisema." Hakuongeza neno, na ndilo jambo la kwanza alilolifanya siku hiyo ambalo halikuniudhi.

Tulikuwa koridoni, nimeshika karatasi ya kwenda kulala kwenye vipimo, Sikio amebeba mkoba wangu, simu yake ilipolia. Alikuwa Bosi. Nilimwona anavyojiandaa, anavyokohoa kidogo kusafisha koo, anavyopanga uso. Ningeweza kumwandikia maneno aliyokuwa anataka kusema: kila kitu kiko sawa, Bosi, uchovu tu, Jumapili kama kawaida.

"Nipe," nilisema.

"Mke wangu, umechoka, ngoja nimwambie tu kwamba..."

"Hutanisemea tena. Wala hutanisafisha tena, kazini watafute mtu mwingine wa kukaa kwenye sauti yangu. Mengine tutaongea nyumbani. Nipe simu."

Alinipa. Sijui kama nilimsamehe pale. Mpaka leo siku nyingine nimemsamehe, siku nyingine nikimwona amevaa visikilizio natoka chumbani.

"Eh, vipi?" Bosi alisema upande wa pili. "Daktari anasemaje? Yuko sawa?"

"Ni mimi," nilisema. "Sipo sawa. Nina shida... ya kupumua. Imejulikana leo. Natibiwa... narudi. Kiti changu..."

Hewa ikaisha. Nikaegemea ukuta, nikaisubiri.

"Halo?" Bosi alisema. "Halo? Dada, unakatika. Mtandao wa huko vipi? Halo? Basi mwambie Sikio anipigie, yeye atanieleza vizuri."

"Mtandao hauna shida," nilimwambia. "Napumua. Subiri."

Nikamsikia akisubiri. Nikavuta hewa yangu, yote niliyoweza kuipata, na nikamaliza sentensi mwenyewe.